Meli ya pwani ya Norway kwa anayeipanda mara ya kwanza: kutoka viza hadi gati la Kirkenes

Kila Februari ikiingia, simu yangu haipoi. "Dada, ile meli uliyompandisha mama mdogo, bei gani? Viza alipataje? Kuna wali? Mtu hatapiki?" Nimejibu kwa sauti za WhatsApp mpaka koo limekauka, kwa hiyo nayaandika yote hapa mara moja. Ukiniuliza tena, nitakutumia ukurasa huu.

Kwanza tuondoe kosa moja linalozaa makosa mengine yote. Hii si meli ya starehe ya kwenye matangazo, yenye kasino, wanamuziki na maporomoko ya maji ya watoto. Ni meli ya kazi. Inabeba barua, mizigo, mwalimu anayerudi kijijini kwake, timu ya vijana ya mpira wa mikono, na watalii. Ilianza tarehe 2 Julai 1893, nahodha Richard With alipoing'oa nanga meli ya Vesteraalen kutoka Trondheim kwenda Hammerfest. Leo kampuni mbili zinapokezana njia hiyo: Hurtigruten yenye meli saba na Havila yenye meli nne. Kila siku meli moja inaondoka Bergen, inagusa bandari 34 mpaka Kirkenes karibu na mpaka wa Urusi, kisha inageuza. Mzunguko mzima ni siku 12. Kama umewahi kulala kwenye meli ya Mwanza kwenda Bukoba, tayari unaielewa nusu yake: usiku unaamshwa na kelele za gati, unachungulia dirishani, unaona watu wanashusha mizigo na mtu mmoja anapunga mkono.

Kabla hujaanza, uwe na haya

- Pasipoti iliyotolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, yenye kurasa mbili tupu, na itakayobaki hai angalau miezi mitatu baada ya siku utakayotoka Ulaya.
- Viza ya Schengen, ile viza moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya, au kibali cha ukaazi cha nchi iliyomo Schengen. Norway haimo katika Umoja wa Ulaya lakini imo Schengen. Anayeishi Ujerumani au Uswidi kwa kibali hahitaji viza nyingine. Anayeishi London au Muscat kwa pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Kongo, Rwanda au Burundi anahitaji. Kibali cha huko hakimwingizi Norway.
- Bima ya safari inayolipia matibabu na kurudishwa nyumbani, isiyopungua yuro 30,000.
- Kadi ya benki iliyofunguliwa kutumika nje ya nchi. Norway fedha taslimu karibu hazitumiki. Sarafu yao ni krone, na noti zako za yuro zitakaa mkobani tu.
- Adapta ya umeme yenye meno mawili ya duara. Plagi zetu za meno matatu ya mraba haziingii.
- Dawa zako zote za safari nzima, pamoja na za kichefuchefu. Usipange kununua njiani.
- Siku mbili za ziada kwenye likizo yako, moja kabla ya meli na moja baada ya meli.

Hatua ya 1: Chagua kipande cha njia, usianze na bei

Wengi wanafungua tovuti, wanaona bei ya siku 12, wanaifunga. Hulazimiki kununua siku 12. Kuna kwenda kaskazini tu, Bergen hadi Kirkenes, unayofika asubuhi ya siku ya saba. Kuna kurudi kusini tu, Kirkenes hadi Bergen, siku sita. Halafu kuna tiketi ya bandari hadi bandari, wanayotumia wenyeji wenyewe, na hiyo ndiyo watu wetu hawaijui.

Ushauri wangu kwa mgeni mwenye mfuko wa kawaida: panda Trondheim, shuka Tromsø. Ni usiku mbili tu. Unavuka Duara ya Aktiki, ule mstari wa ramani unapoanzia ukanda wa baridi wa kaskazini, asubuhi ya siku inayofuata, unapita Bodø mchana, unafika visiwa vya Lofoten jioni, na kesho yake alasiri uko Tromsø penye uwanja wa ndege. Hicho ndicho kipande nilichompeleka mama mdogo, na sijajuta.

Mwenye nafasi zaidi achukue safari ya kusini badala ya ya kaskazini. Watu hukimbilia kaskazini kwa sababu inasikika kubwa zaidi. Lakini ratiba imepangwa hivi: bandari ambazo meli inapita usiku ikipanda, inazipita mchana ikishuka. Milima ya Dada Saba pale Sandnessjøen, na Torghatten, ule mlima wenye tundu lililotoboka upande hadi upande karibu na Brønnøysund, anayekwenda kaskazini anaipita amelala. Anayerudi kusini anaiona akiwa na kikombe cha chai mkononi. Na mlango mwembamba wa Raftsund kabla ya Svolvær unapitwa alasiri.

Onyo: unapotafuta tiketi, hakikisha unanunua njia ya pwani, si safari ya Svalbard. Svalbard, visiwa vilivyo mbali kaskazini, ni ya Norway lakini iko nje ya Schengen. Mwenye viza ya kuingia mara moja akienda huko amekwisha kutoka, na kurudi bara ni kuingia mara ya pili.

Hatua ya 2: Chagua msimu kwa unachotaka kuona

Huwezi kupata jua la usiku wa manane na taa za kaskazini, ile miale ya rangi inayocheza angani usiku, kwa safari moja. Mtu akikuahidi vyote viwili anakuuzia mbuzi ndani ya gunia.

Tromsø jua halizami kuanzia takriban tarehe 20 Mei hadi 22 Julai. Halichomozi kabisa kuanzia mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari, ingawa saa za mchana kunakuwa na mwanga wa buluu kama alfajiri inayokataa kukucha. Taa za kaskazini zinahitaji giza, hivyo msimu wake ni mwishoni mwa Septemba hadi mwishoni mwa Machi.

Juni hadi Agosti meli za kwenda kaskazini huingia Geiranger, mkono wa bahari uliojipenyeza katikati ya milima mirefu. Wanorway huita fiodi. Miezi hiyo ndiyo ghali zaidi.

Mimi napenda mwishoni mwa Aprili. Theluji bado iko milimani, mchana ni mrefu, bei haijapanda, na Lofoten samaki wametundikwa. Hilo la samaki nitalirudia.

Hatua ya 3: Omba viza kabla ya kulipa meli

Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usingoje siku 15. Uamuzi wa kawaida huchukua siku 15 lakini unaweza kufika 45. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na mdogo wa hapo halipi. Ukinyimwa, ada hairudi.

Fomu hujazwa kwenye tovuti ya UDI, idara ya uhamiaji ya Norway, na huko ndiko utaelekezwa pa kupeleka nyaraka na kutoa alama za vidole. Unaombea nchi utakayokaa siku nyingi. Ukilala Amsterdam siku mbili na Norway siku saba, omba Norway, hata kama ndege itatua Amsterdam kwanza.

Nyaraka zinazohukumu maombi ni zile za kukurudisha nyumbani: barua ya mwajiri yenye tarehe za likizo, leseni ya biashara, karo za watoto, hati ya shamba. Taarifa ya benki iwe ya miezi kadhaa na inayofanana na maisha yako. Norway kwa kawaida hutaka uonyeshe krone 500 kwa kila siku utakayokaa, lakini fedha zilizomwagwa kwenye akaunti wiki moja kabla ya maombi zinaonekana hata na mtu asiyevaa miwani. Mimi nilipomwombea mama mdogo tuliambatanisha picha za duka lake la vitambaa na risiti za kodi ya miaka miwili. Barua yangu ya mwaliko ilikuwa ukurasa mmoja, bila maneno ya kubembeleza.

Kosa la kawaida: mtu ananunua tiketi ya meli isiyorudishwa pesa ili "aonyeshe nia". Huhitaji. Mpango wa safari wenye tarehe, bandari na nafasi uliyoshikilia inayoweza kufutwa unatosha. Tarehe za viza zianze siku mbili kabla ya meli na ziishe siku mbili baada yake.

Hatua ya 4: Nunua tiketi na kabini

Soma mambo matatu kabla ya kubonyeza kulipa.

Kwanza, chakula. Kwenye safari nzima au nusu ya njia, milo kwa kawaida imo ndani ya bei. Kwenye tiketi ya bandari hadi bandari mara nyingi haimo, na utanunua mgahawani kwa bei ya Norway. Weka jambo hilo kwenye hesabu tangu mwanzo.

Pili, kabini. Ya ndani isiyo na dirisha ndiyo nafuu, na kwa usiku mbili haina ubaya, maana utashinda kwenye sitaha ya juu na ukumbi wa vioo. Ya nje yenye dirisha inasikika vizuri, ila angalia kama imeandikwa kuwa mandhari yamezibwa: huenda dirisha lako linatazama boti la uokoaji la rangi ya machungwa na hakuna kingine. Epuka kabini za chini upande wa omo. Kila meli inapofunga gati, mashine za kuisukuma ubavu hunguruma chini ya mto wako, na bandari za usiku ni nyingi. Kabini ya katikati, sitaha za chini au za kati, ndiyo inayotulia.

Tatu, saa. Tiketi inaandikwa kwa saa 24, na sisi tunahesabu saa kwa jua. 20:30 ni saa mbili na nusu usiku. 14:15 ni saa nane na robo mchana. Andika saa zote kwa Kiswahili kwenye karatasi yako kabla ya kuondoka. Najua mtu aliyesoma 06:30 akafika gatini saa sita na nusu mchana. Mtu huyo ni mimi, mwaka wangu wa kwanza.

Hatua ya 5: Funga mzigo

Baridi ya sitahani si ya kipimajoto, ni ya upepo. Hata Julai. Mpangilio ni huu: nguo ya ndani ya sufu inayogusa ngozi, sweta juu yake, kisha koti lisilopitisha upepo wala mvua. Pamba ikilowa inakaa na maji na kukugandisha, kwa hiyo ile fulana nzuri ya pamba ivae ndani ya meli. Soksi za sufu, kofia inayofunika masikio, glovu. Viatu viwe na soli inayong'ata; ngazi za chuma na barafu ya bandarini zimevunja viuno vya watu.

Chukua begi dogo la pili. Kabini ni ndogo, na sanduku kubwa likifunguliwa hakuna pa kukanyaga. Jioni ya mavazi rasmi haipo. Mama mdogo alibeba kanga tatu za kujifunga akipumzika na moja ya kufunika mabega. Nilimcheka, kisha nikaazima moja.

Hatua ya 6: Fika bandarini siku moja kabla

Ndege zikichelewa, meli haikungoji. Hili nalisema kwa herufi ndogo lakini lisome kwa sauti kubwa. Fika mjini jana yake.

Kwa anayeanzia Bergen: kutoka uwanja wa ndege wa Flesland kuna treni ya mjini inayoitwa Bybanen, kama dakika 45 hadi katikati. Ukitoka Oslo kwa treni ni kama saa saba, na inapanda mpaka Finse, mita 1,222 juu ya bahari. Wengine husema kipande hicho ni kizuri kuliko meli yenyewe, nami siwezi kubishana nao sana. Bergen mvua hunyesha zaidi ya siku 200 kwa mwaka, basi usishangae.

Gati la meli za pwani liko Jekteviken, upande wa Nøstet. Si pale Bryggen kwenye nyumba za mbao za rangi rangi, wala si pale meli kubwa za starehe zinapoegesha. Wageni huvuta masanduku mpaka upande usio wake, wanaiona meli ya ghorofa kumi na tano, wanapanga foleni. Soma jina la meli kwenye tiketi, lisome tena ubavuni mwa meli.

Hatua ya 7: Siku ya kupanda

Utaonyesha pasipoti na tiketi, utapewa kadi. Kadi hiyo ni ufunguo wa kabini na ndiyo inayokuhesabu unapotoka na kuingia. Usishuke bila hiyo, na usimwazime mtu. Mambo ya usalama huelezwa mwanzoni. Sikiliza hata kama wenzako wanapiga picha, na uende kwa miguu kutoka kabini yako hadi kituo chako cha kukusanyika mara moja ukiwa huna haraka.

Kisha zunguka. Tafuta ukumbi wa vioo wa mbele na kiti unachokipenda. Angalia runinga ya meli inayoonyesha ramani ya mlipo. Kama ni msimu wa giza, uliza mapokezi jinsi tangazo la taa za kaskazini linavyofika kabini, maana huja saa ambazo umelala fofofo.

Hatua ya 8: Chakula, na swala kwa wanaoswali

Wali utaupata mara moja moja, usiutegemee. Samaki ndio mwenyeji wa meza: chewa wa baridi (cod), samoni, heringi wa kachumbari ya siki na sukari. Viazi kila mlo. Maji ya bomba yanywe bila wasiwasi, ya chupa ni kutupa pesa. Ukibeba chupa ndogo ya pilipili utashukuru, na hakuna atakayekuuliza.

Kwa asiyekula nguruwe, jifunze maneno haya ya Kinorway kuliko kujifunza salamu: *svin* ni nguruwe, *skinke* ni paja la nguruwe, *pølse* ni soseji na mara nyingi ina nguruwe ndani yake. *Reinsdyr* ni nyama ya paa wa baridi. Ni halali kwa aina yake, lakini uchinjaji ni suala jingine. Andika mahitaji yako unaponunua tiketi, rudia mapokezi, kisha mwambie mhudumu siku ya kwanza. Ukishafanya hivyo mara tatu, watakuletea samaki au mboga bila kukumbushwa.

Kibla kutoka Norway ni kati ya kusini-mashariki na kusini. Dira ya simu hudanganywa na chuma cha meli, na meli yenyewe hugeuka. Tazama ramani ya runinga, tambua kaskazini iko wapi, kisha jipange. Saa za swala ndizo kizungumkuti: kiangazi hakuna Magharibi wala Isha ya kuonekana kwa macho. Waislamu wa kule kaskazini hufuata saa za mji mwingine au za Makka, kila mmoja kwa fatwa aliyoishika. Muulize sheikh wako kabla ya kuondoka. Mama mdogo alikuwa na swali lake la ziada: kama saa zetu huanza kuhesabiwa jua likichomoza, na kiangazi cha huku jua halizami, wakati huo inakuwa saa ngapi? Sikuwa na jibu.

Hatua ya 9: Kushuka bandarini na kurudi kwa wakati

Bandari nyingine meli hukaa dakika 15, nyingine saa nne. Saa ya kuondoka huandikwa kwenye ubao karibu na mlango wa kutokea. Ipige picha kila unaposhuka. Dakika 15 usishuke. Simama sitahani uangalie kazi.

Palipo na muda, usikimbilie kununua matembezi ya meli. Trondheim unaweza kutembea mwenyewe hadi kanisa kuu la Nidaros. Ålesund uliungua mwaka 1904 ukajengwa upya kwa mtindo mmoja wa nyumba za mapambo, na kuutembea ni bure. Stokmarknes, kwa wanaokwenda kusini, kuna makumbusho ambamo meli nzima ya zamani, Finnmarken ya mwaka 1956, imewekwa ndani ya jengo la vioo. Matembezi ninayoshauri kulipia ni Honningsvåg kwenda Nordkapp, kwa sababu ni mbali na meli haikai muda mrefu. Ni genge la mita 307 juu ya bahari, na mbele yake hakuna kitu ila maji.

Sasa lile la samaki. Svolvær tulifika kama saa tatu usiku, na mwanga bado ulikuwepo. Meli inakaa karibu saa nzima. Tukavuka daraja kwenda Svinøya, na harufu ikatupokea kabla ya macho: vichanja vya miti virefu kuliko nyumba, na samaki wamefungwa wawili wawili mikiani, wananing'inia kwa maelfu, wakigongana kwa upepo kama makuti makavu. Hawatiwi chumvi hata chembe. Ni upepo na baridi tu, kuanzia Februari hadi karibu Juni. Vichwa hutundikwa peke yake, na mnunuzi wake mkubwa ni Nigeria. Mama mdogo, mtu wa Tanga, akasimama akashika mmoja, akamgonga kwa ukucha, akasema, "Kumbe na hawa wana ng'onda." Rafiki yangu Mkongo nilipomtumia picha akajibu neno moja: makayabu! Nikamweleza kuwa makayabu ana chumvi na huyu hana. Hakukubali.

Tulichelewa kugeuka. Mama mdogo hakimbii, hajawahi kukimbia, na daraja lilikuwa na barafu. Tulipanda ngazi zikiwa zimebaki dakika nne. Kanuni ninayoifuata tangu siku hiyo: gawa muda wa bandari mara tatu, theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, na theluthi ya mwisho usiiguse.

Hatua ya 10: Jiandae kwa bahari ya wazi

Sehemu kubwa ya njia imekingwa na visiwa, maji yametulia kama ya ziwa lisilo na upepo. Lakini kuna mapengo manne, na yajue kwa majina: Stad, kati ya Bergen na Ålesund, Folda, kusini ya Rørvik, Vestfjorden, kati ya Bodø na Lofoten, na Bahari ya Barents, ukishapita Honningsvåg kuelekea Kirkenes.

Kunywa dawa saa moja kabla ya pengo. Baada ya kutapika haisaidii, unaitapika na yenyewe. Kula kitu kikavu, usikae na njaa. Tangawizi husaidia baadhi ya watu. Kaa katikati ya meli, chini, au toka nje utazame mstari wa mbali ambapo bahari inakutana na mbingu. Simu weka mfukoni. Kusoma ujumbe wakati meli inacheza ndiko kunakowaangusha hata watoto wa pwani waliojisifu jana yake.

Jambo moja la furaha: mkivuka Duara ya Aktiki kwenda kaskazini, penye kisiwa kidogo kilichosimikwa tufe la chuma, mabaharia huwamiminia abiria maji yenye barafu ndani ya shingo. Kwenda kusini hupewi barafu, unapewa kijiko cha mafuta ya ini la samaki, na kijiko unabaki nacho. Kujitokeza ni hiari. Funga ushungi vizuri au vaa nguo usiyoionea huruma.

Mambo yakienda mrama

*Viza imekataliwa.* Barua itaeleza sababu. Isome neno kwa neno. Unaweza kukata rufaa au kuomba upya, lakini kuomba upya kwa karatasi zilezile ni kuchangia yuro 90 nyingine.

*Meli imekuacha.* Piga simu kwa kampuni mara moja ili wajue uko salama, wasiwatafute watu majini. Kisha uliza basi au ndege ya kufika bandari inayofuata. Gharama ni yako. Ndiyo maana pasipoti, kadi ya benki na dawa hukaa mwilini mwako kila unaposhuka, si kabini.

*Meli imeruka bandari yako.* Upepo ukizidi, bandari ndogo za Finnmark, eneo la kaskazini kabisa, kama Berlevåg na Vardø hurukwa. Nenda mapokezi kabla foleni haijawa ndefu. Usiweke ndege ya kurudi siku hiyo hiyo.

*Umeugua.* Usitegemee daktari melini. Mabaharia wana mafunzo ya huduma ya kwanza, na mgonjwa hushushwa bandari inayofuata. Ukiwa nchi kavu, namba ya gari la wagonjwa ni 113. Weka namba ya bima kwenye karatasi, si kwenye simu pekee.

*Kabini haikaliki kwa kelele.* Omba kuhamishwa siku ya kwanza, maana Trondheim na Tromsø watu wengi hushuka na nafasi hupatikana.

*Mawingu yamefunika anga usiku wote.* Hakuna wa kumlaumu. Bara, ndani ya milima, mara nyingi ni kweupe kuliko pwani, hivyo ukishukia Tromsø weka usiku mmoja au miwili ya kutoka na gari kwenda mbali na bahari.

*Umefika Kirkenes na una saa kadhaa.* Meli hufika kama saa tatu asubuhi na kugeuza kama saa sita na nusu mchana. Kuna basi la uwanja wa ndege, na ndege ya Oslo ni kama saa mbili angani. Utaona vibao vya barabara vilivyoandikwa pia kwa herufi za Kirusi. Piga picha vibao. Ukipelekwa mpakani, baki upande wako: kuvuka hata hatua moja ni kosa, na hata kurusha jiwe upande wa pili ni kosa. Mama mdogo hakufika huko, lakini nilipomsimulia aliuliza kama samaki wao wanajua mpaka uko wapi.